Andrew Robertson, beki wa kushoto wa Uskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake ya soka

Yafuatayo ni maswali ambayo wapenzi wa soka huyauliza zaidi kumhusu Andrew Robertson, beki aliyejipatia jina Liverpool na aliyeiongoza timu ya taifa ya Uskoti akiwa nahodha. Majibu marefu zaidi yanahusu mwanzo wake, kwa kuwa miaka hiyo haifahamiki sana na, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo iliyomjenga kuliko yote yaliyofuata.

Alizaliwa wapi, na alianzia klabu gani?

Alizaliwa Glasgow tarehe 11 Machi 1994, katika familia ya mashabiki wa Celtic, na akiwa mtoto alijiunga na akademi ya klabu hiyohiyo aliyoishabikia.

Kwa nini Celtic walimwacha?

Walimwacha akiwa na umri wa miaka 15, na sababu aliyopewa ni umbo lake dogo. Uamuzi wa aina hiyo ulikuwa wa kawaida katika akademi nyingi za Uingereza wakati ule, ambako wavulana waliowahi kukua miili walionekana bora kuliko wenzao kwa sababu tu walishinda mbio na mipira ya kugombania, huku waliochelewa kukua wakiondolewa kabla ya kufikia kimo chao. Si haki kuwalaumu makocha wa Celtic peke yao kwa jambo lililokuwa la mfumo mzima, lakini ni haki kusema kwamba mfumo huo ulipima kilo na sentimita pale ulipopaswa kupima akili ya mchezo na moyo wa kujituma.

Queen's Park, alikokwenda baada ya Celtic, ni klabu ya namna gani, na je, walimlipa?

Hawakumlipa mshahara. Queen's Park, iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1867, ndiyo klabu kongwe kuliko zote Uskoti, na hadi mwaka 2019 ilishikilia msimamo wa kuwa klabu ya ridhaa ingawa ilicheza katika ligi moja na klabu za kulipwa. Kaulimbiu yake ya Kilatini inasema kwamba watu hucheza kwa ajili ya kucheza, na wachezaji wake walifanya mazoezi jioni baada ya kutoka kazini au masomoni. Ajabu yake nyingine ni kwamba klabu hii ndogo ya daraja la nne ndiyo iliyokuwa mmiliki wa Hampden Park, uwanja wa taifa wenye viti zaidi ya 50,000, na ilicheza mechi zake za nyumbani humo mbele ya mashabiki mia chache.

Robertson aliingia katika timu ya vijana ya Queen's Park baada ya kuachwa na Celtic, na akaanza kucheza timu ya wakubwa katika msimu wa 2012/13, akiwa na miaka 18.

Ni kweli kwamba alifanya kazi ya kupokea simu uwanjani Hampden?

Ni kweli. Kwa kuwa soka halikumpa kipato, alifanya kazi za hapa na pale Hampden, ikiwemo kupokea simu za watu waliotaka tiketi za mechi na matamasha. Mwezi Agosti 2012 aliandika katika ukurasa wake wa Twitter akilalamika kwamba maisha ya umri ule bila pesa ni ya hovyo na kwamba anahitaji kazi. Ujumbe huo ulizunguka sana mitandaoni miaka kadhaa baadaye, na wengi huusoma kana kwamba ni kisa cha bahati iliyomwangukia maskini. Mwandishi anauona kwa namna nyingine: kijana huyo alikuwa tayari ndani ya timu ya wakubwa, akicheza kila wiki, na kilichokosekana ni malipo, wala si nafasi ya kuonekana.

Mwaka ule mmoja wa soka la ridhaa ulimfaidi nini?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yake yote. Mchezaji wa akademi kubwa mwenye miaka 18 hucheza na vijana wenzake, katika viwanja vizuri, katika mechi ambazo matokeo yake hayamnyimi mtu usingizi. Robertson kwa umri uleule alikuwa akipambana na wanaume waliokomaa, wengine wakiwa na miaka zaidi ya 30, waliojua kila ujanja wa kumsukuma winga au kumpotezea beki muda, na alifanya hivyo kwa msimu mzima katika baridi na matope ya viwanja vidogo vya Uskoti. Beki hujifunza kusimama mahali sahihi kwa kuadhibiwa anaposimama vibaya, na adhabu hiyo haipatikani katika mazoezi.

Bahati nyingine ilikuja kutokana na masaibu ya wengine. Rangers, baada ya kuanguka kifedha mwaka 2012, walilazimika kuanza upya kutoka daraja la nne, yaani ligi ileile ya Queen's Park. Tarehe 29 Desemba 2012 klabu hizo mbili zilikutana Hampden mbele ya watazamaji zaidi ya 30,000, na Rangers wakashinda 1-0. Kwa msimu huo mmoja, ligi ambayo kwa kawaida haikuangaliwa na mtu ilikuwa na kamera, waandishi wa habari na maskauti, na Queen's Park walimaliza katika nafasi za juu zilizowapeleka kwenye mchujo wa kupanda daraja. Beki wa kushoto aliyepanda na kushuka bila kuchoka hakuweza kufichika.

Alipandaje hadi Dundee United?

Dundee United walimsajili katikati ya mwaka 2013, wakati timu ikifundishwa na Jackie McNamara, ambaye mwenyewe alikuwa beki wa pembeni wa Celtic na wa timu ya taifa. Robertson aliruka kutoka daraja la nne hadi Ligi Kuu ya Uskoti bila kupita katikati, na hakuhitaji muda wa kuzoea. Alianza kucheza mara moja katika kikosi kilichojaa vijana wenye vipaji, wakiwemo Stuart Armstrong, John Souttar na Ryan Gauld. Msimu huohuo alifika fainali ya Kombe la Uskoti, ambako St Johnstone waliwafunga 2-0, akachaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora kijana wa Uskoti kwa mwaka 2014, na mwezi Machi 2014 Gordon Strachan akamwita timu ya taifa na kumwingiza katika mechi ya kirafiki dhidi ya Poland mjini Warsaw. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa bado mchezaji wa ridhaa.

Je, kushuka daraja mara mbili na Hull City hakukumharibia?

Hull City walimnunua Julai 2014 kwa takriban pauni milioni 2.85, katika dirisha lilelile walilomsajili beki wa kati Harry Maguire. Walishuka daraja mwaka 2015, wakapanda tena mwaka 2016 kwa kuwafunga Sheffield Wednesday 1-0 katika fainali ya mchujo Wembley, kisha wakashuka tena mwaka 2017. Mtu akitazama orodha hiyo juujuu ataona miaka mitatu ya kuyumba.

Lakini timu inayopambana kubaki ligi kuu humpa beki wa pembeni kazi nyingi kuliko timu inayotawala mpira. Kila wiki alikabiliana na winga wa hali ya juu, mara nyingi bila msaada, na alipopata nafasi ya kupanda mbele ilimbidi aitumie vizuri kwa kuwa haikuwa na uhakika wa kujirudia. Ligi ya daraja la pili nayo, yenye mechi 46 kwa msimu mbali na mashindano ya vikombe, ilimkomaza mwili. Tangu hapo jina lake lilihusishwa daima na pumzi isiyokatika.

Liverpool walimnunua kwa kiasi gani, na kwa nini hakucheza mwanzoni?

Ada ya kuanzia ilikuwa pauni milioni 8, mwezi Julai 2017, na wakati uleule kiungo Kevin Stewart alikwenda Hull kutoka Liverpool. Jürgen Klopp hakumpa nafasi haraka. Robertson alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Crystal Palace tarehe 19 Agosti 2017, na Liverpool wakashinda 1-0, lakini baada ya hapo alikaa benchi kwa wiki nyingi huku Alberto Moreno akiwa chaguo la kwanza. Klopp alitaka kwanza azoee namna Liverpool walivyokaba juu, ambapo beki wa pembeni huhesabiwa kuwa miongoni mwa wawindaji wa mpira tangu langoni mwa adui. Mlango ulifunguka tarehe 6 Desemba 2017, Moreno alipoumia kifundo cha mguu dhidi ya Spartak Moscow. Moreno hakuipata tena nafasi yake.

Ni mbio gani hizo za dhidi ya Manchester City zinazotajwa sana?

Ni za tarehe 14 Januari 2018, uwanjani Anfield, katika mechi ambayo Liverpool walishinda 4-3 na kuwapa City kipigo chao cha kwanza cha ligi msimu ule. Katika kipindi cha pili Robertson aliondoka upande wake wa kushoto na kumkimbilia mchezaji mmoja wa City baada ya mwingine, mpira ulipopasiwa naye akigeuka kuufuata, hadi akamfikia kipa Ederson na bado hakusimama, mpaka mwisho akamchezea rafu Nicolás Otamendi. Kwa takwimu hakupata chochote. Kwa watu waliokuwa uwanjani, siku hiyo ndiyo alipokuwa mchezaji wao.

Beki aliwezaje kutoa pasi nyingi za mabao kiasi kile?

Swali hili linahitaji kueleza jinsi timu nzima ilivyopangwa, kwani hakuna beki anayeweza kufanya hivyo peke yake. Katika Liverpool ya Klopp, Roberto Firmino alirudi nyuma kutoka nafasi ya mshambuliaji wa kati, Mohamed Salah na Sadio Mané wakaingia ndani kuelekea goli, na hivyo pembeni kote kukabaki wazi kwa mabeki wawili. Viungo kama Fabinho, Jordan Henderson na Georginio Wijnaldum, ambao baadhi ya watu waliwaona wachovu kwa kutofunga sana, walikuwa na kazi ya kuziba nafasi ambazo Robertson na Trent Alexander-Arnold waliziacha nyuma yao. Mabeki wa kati nao, Virgil van Dijk akiwa wa kwanza, walikuwa na kasi ya kutosha kulinda eneo kubwa.

Mfano bora ni bao la pili la Liverpool dhidi ya Manchester City tarehe 10 Novemba 2019. Alexander-Arnold alivusha mpira mrefu kutoka kulia hadi kushoto, Robertson akaupokea akiwa katika mwendo, akapiga krosi iliyopita kati ya mabeki na kipa, na Salah akaumalizia kwa kichwa. Beki mmoja alimlisha mwenzake, naye akamlisha mfungaji. Katika msimu wa 2018/19 Robertson alitoa pasi 11 za mabao katika ligi na mwenzake 12, na msimu uliofuata alitoa 12 dhidi ya 13 za Alexander-Arnold, ushindani wa kirafiki ambao uliwafaa wote wawili. Tarehe 26 Desemba 2022, ugenini kwa Aston Villa, alimpasia Salah bao na kufikisha pasi 54, akimpita Leighton Baines na kuwa beki aliyetoa pasi nyingi zaidi za mabao katika historia ya Ligi Kuu ya England hadi siku hiyo. Baadaye Alexander-Arnold alimpita.

Krosi yake mwenyewe ina sifa ya kuwa ya chini, ya nguvu na ya mapema. Hasubiri kufika kwenye mstari wa mwisho kama mawinga wa zamani, hupiga mara tu anapoona mabeki wanakimbia kuelekea goli lao, kwa sababu hapo mguso wowote, hata wa mpinzani, unaweza kuwa bao.

Alishiriki vipi katika ubingwa wa Ulaya wa mwaka 2019?

Mwaka uliotangulia, 2018, alicheza fainali mjini Kyiv na Real Madrid wakashinda 3-1. Mwaka 2019 Liverpool walirudi. Katika nusu fainali walifungwa 3-0 na Barcelona ugenini, kisha tarehe 7 Mei 2019 wakashinda 4-0 Anfield. Robertson aliumia katika kipindi cha kwanza cha mechi hiyo na hakurudi baada ya mapumziko. Wijnaldum aliyeingia badala yake akafunga mabao mawili, na mengine mawili akafunga Divock Origi. Katika fainali mjini Madrid tarehe 1 Juni, Robertson alicheza dakika zote, Liverpool wakawafunga Tottenham 2-0, na bao la pili likawa tena la Origi. Kwa wasomaji wa Kenya usiku ule ulikuwa na uzito wa pekee, maana Origi ni mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars, na kwenye benchi la Tottenham alikuwepo Victor Wanyama.

Ametwaa mataji gani?

Akiwa na Liverpool ametwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya (2019), Kombe la Super la UEFA na Kombe la Dunia la Klabu (yote 2019), Ligi Kuu ya England mara mbili (2019/20 na 2024/25), Kombe la FA (2022) na Kombe la Ligi mara mbili (2022 na 2024). Ubingwa wa 2020 ulikuwa wa kwanza wa ligi kwa klabu hiyo baada ya miaka 30, na mchango wake haukuwa wa krosi tu: tarehe 2 Novemba 2019, Liverpool wakiwa nyuma 1-0 kwa Aston Villa, alisawazisha kwa kichwa dakika ya 87 kabla ya Mané kufunga la ushindi katika muda wa nyongeza.

Uskoti ilitatuaje tatizo la kuwa na mabeki wawili bora wa kushoto?

Kieran Tierney na Robertson ni wa kizazi kimoja na wa nafasi moja, na kwa miaka kadhaa makocha walisumbuka kuamua nani akae nje. Steve Clarke, aliyechukua timu Mei 2019, alichagua mabeki watatu wa kati, akamweka Tierney kushoto mwa watatu hao na Robertson mbele yake pembeni. Tierney akapata ruhusa ya kupanda na mpira kutoka nyuma, Robertson akabaki juu kumvuta beki wa upande wa pili, na upande wa kushoto ukawa ndio silaha kuu ya Uskoti. Ni mojawapo ya maamuzi mazuri zaidi ya kocha wa timu ya taifa katika miaka ile, kwa sababu nchi ndogo haiwezi kumudu kumwacha benchi mmoja wa wachezaji wake wawili bora.

Amekuwa nahodha wa namna gani?

Alex McLeish alimteua kuwa nahodha Septemba 2018, akiwa na miaka 24. Uskoti haikuwa imeshiriki mashindano makubwa ya wanaume tangu Kombe la Dunia la 1998, na lawama za kizazi kizima zilikuwa zikimwangukia yeyote aliyevaa kitambaa cha unahodha. Tarehe 12 Novemba 2020, mjini Belgrade, waliitoa Serbia kwa penalti 5-4 baada ya David Marshall kuokoa mkwaju wa Aleksandar Mitrović, na ukame wa miaka 22 ukaisha. Katika Euro 2020 na Euro 2024 hawakuvuka hatua ya makundi; kipigo cha 5-1 kutoka kwa Ujerumani mjini Munich, katika mechi ya ufunguzi ya 2024, kilikuwa kichungu mno. Lakini pia kulikuwa na ushindi wa 2-0 dhidi ya Hispania, Hampden, Machi 2023, ambapo Robertson alimpokonya mpira Pedro Porro na kumpasia Scott McTominay bao la kwanza.

Nini kilitokea katika mechi ya Denmark ya Novemba 2025?

Tarehe 18 Novemba 2025, Hampden, Uskoti walishinda 4-2 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Mabao yalifungwa na McTominay, Lawrence Shankland, Tierney na Kenny McLean, mawili ya mwisho yakiingia katika dakika za nyongeza. Shankland alikuwa mwenzake Robertson katika kikosi cha Queen's Park cha 2012/13, na ni vigumu kufikiria klabu nyingine ya ridhaa iliyowahi kuchangia usiku wa namna hiyo.

Baada ya mechi Robertson alizungumza kwa uchungu kuhusu Diogo Jota, rafiki na mchezaji mwenzake wa Liverpool aliyefariki kwa ajali ya gari Hispania tarehe 3 Julai 2025 pamoja na mdogo wake André Silva. Alieleza kwamba siku nzima alishindwa kumtoa Jota mawazoni, kwa kuwa mara nyingi walizungumza kuhusu kwenda pamoja Kombe la Dunia. Droo ya Desemba iliipanga Uskoti kundi moja na Brazil, Morocco na Haiti.

Je, ana udhaifu wowote?

Anao. Mguu wake wa kulia hautegemewi sana, mabao yake ni machache, na timu inayomvuta juu kisha kupiga mpira mrefu nyuma yake humpa shida, hasa kadiri miaka inavyosonga. Kwa miaka mingi majeraha makubwa yalimkwepa. Katika msimu wa 2020/21, mabeki wa kati wa Liverpool walipoumia mmoja baada ya mwingine, yeye alicheza mechi zote 38 za ligi. Oktoba 2023 bega lilimteguka akiichezea Uskoti nchini Hispania, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje kwa miezi kadhaa.

Anajulikana kwa nini nje ya uwanja?

Zaidi kwa msaada wake kwa benki za chakula, vituo vinavyowagawia vyakula watu wasiojiweza. Alipotimiza miaka 21 aliwaomba ndugu na marafiki wachangie vituo hivyo badala ya kumnunulia zawadi. Mwaka 2018 mtoto mmoja shabiki wa Liverpool alitoa pesa zake za matumizi kwa benki ya chakula. Robertson alimwandikia barua ya shukrani na kumtumia jezi, si yake bali ya Firmino, akieleza kwamba watoto hawaitaki jezi ya beki wa kushoto.

Anasimama wapi miongoni mwa mabeki wa Uskoti wa vizazi vyote?

Ushindani ni mkubwa. Tommy Gemmell, beki wa kushoto kama yeye, alifunga bao katika fainali ya Ulaya ya 1967, Celtic walipoifunga Inter Milan mjini Lisbon chini ya nahodha Billy McNeill. Danny McGrain wa miaka ya 1970 aliheshimiwa kama mmoja wa mabeki bora wa pembeni wa dunia. Alan Hansen, aliyenunuliwa na Liverpool kutoka Partick Thistle mwaka 1977, alitwaa ubingwa wa ligi mara nane na Kombe la Ulaya mara tatu.

Kwa mataji ya klabu, Hansen yuko mbele. Lakini Hansen aliichezea Uskoti mechi 26 tu, ilhali Robertson amefikia takriban 90, idadi inayokaribia rekodi ya Kenny Dalglish ya mechi 102, na nyingi kati ya hizo amezicheza akiwa nahodha. Kwa kuunganisha klabu na taifa, mwandishi anamweka Robertson juu ya Hansen, na upande wa kushoto anamweka sawa na Gemmell.